Kabari Nne

Dumyat, Alhamisi, 26 Februari 1987

Midhat, mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Salamu hizi zikukute umeshiba na umelala vya kutosha, ingawa nakujua, hujafanya hata moja kati ya hayo mawili. Sisi huku tu wazima. Mama mdogo Daulati anauliza kama bado unaishi kwa mkate mkavu na maharage huko Kairo. Bata wake wawili wamekufa na wa tatu anamtazama vibaya, naye anasema ni jicho la jirani. Baba mzima, na kikohozi chake cha vumbi la mbao kizima vilevile.

Midhat, leo nimetimiza siku ishirini na moja tangu niolewe! Siku ishirini na moja, na kila asubuhi nikiamka nageuka kwanza kuhakikisha Shauki yupo. Yupo! Wazazi wake walijua walichokifanya kumwita Shauki, maana shauku yote ya dunia Mungu ameimimina kwa mtu huyu mmoja. Anashuka karakanani saa moja asubuhi, na ikifika saa tatu ameshapanda ngazi mara mbili: mara kasahau kalamu, mara anataka maji. Baba anampigia kelele kutoka chini: "We Shauki, huyo mke hatoroki! Teremka, mbao zinakungoja!"

Kabati langu la vyombo limewekwa sebuleni. Majani ya zabibu aliyoyachonga Shauki milangoni, Midhat, ukiyaona utadhani upepo ukivuma yatatikisika. Vikombe nimevipanga ndani na havitanywewa na mtu, hata akija waziri.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ule mchoro wako wa kiti, uliomwachia Baba siku ya harusi yangu, ameubandika ukutani juu ya benchi lake. Shauki akautazama, akamwambia Baba, "Usta Mitwalli, mbona kiti cha shemeji kinaonekana kama kimetoka kuoga? Hakina hata ua moja." Baba akamjibu, "Wewe chonga majani yako. Hiki ni changu na mwanangu." Na alivyosema "mwanangu" alinyoosha mgongo, hata nikaona wivu kidogo. Hebu nieleze na mimi, habari ya Italia ni ya kweli au ni maneno ya chuoni?

Dada yako mwenye furaha mpaka aibu,
Ibtisam


Kairo, 9 Machi 1987

Dada Ibtisam,

Amani kwako, kwa mumeo na kwa Baba. Barua yako ilichukua siku tisa kufika, na mwenzangu wa chumbani aliisoma kabla yangu, kwa hiyo sasa mtaa mzima wa Imbaba unajua habari za majani ya zabibu. Nimefurahi kwamba unafurahi. Nasema kweli.

Italia ni kweli. Mwaka huu tuko thelathini na wanne tunaomaliza usanifu wa samani. Tarehe nane Juni kila mmoja anasimama mbele ya jopo na kitu alichokibuni, kikiwa kimetengenezwa, si karatasi. Atakayekuwa wa kwanza anakwenda mwaka mzima kwenye kiwanda cha viti huko Italia, kukaa mezani na wabunifu wao. Wa pili hapati kitu. Unajua waliotutangulia wako wapi? Mmoja anapima mapazia. Mwingine anauza bafu. Watu wa kwetu hawaajiri mbunifu, dada, wanafungua katalogi ya wageni, wanaweka kidole juu ya picha na kusema, "Nitengenezee hiki." Kwa hiyo mimi nina mlango mmoja, na mlango wenyewe ni kiti hicho.

Mchoro wote uko hapo ukutani, isipokuwa jambo moja ambalo sikuliandika. Hapa michoro inapita kwenye duka la kunakili na wenzangu wana macho marefu. Jambo hilo nilimnong'oneza Baba sikioni siku ya harusi yako, akacheka, akasema ni kazi ya babu yake aliyekuwa akiunda mashua Ezbet el-Borg. Usiniulize ni nini. Ukijua wewe atajua Shauki, na akijua Shauki itajua Dumyat nzima kabla ya adhuhuri.

Mwambie Baba asiharakishe. Mwambie mikono yake ndiyo digrii yangu.

Midhat


Dumyat, 4 Aprili 1987

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu za dhati. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na shughuli nyingi za nyumba, wageni wakiingia na kutoka, na mimi bado sijazoea kupikia watu wengi. Mama mdogo Daulati amehamia kwetu kwa muda kunisaidia. Yule bata wa tatu amekuja naye.

Shauki hajambo, kipenzi changu. Juzi alinichukua mpaka Ras-el-Bar, ingawa msimu haujaanza na vibanda vyote vimefungwa. Tukakaa pale Mto Nili unapoingia baharini, akanionesha maji mawili yanavyokutana, akaniambia, "Tazama, hakuna anayejua lile tone lilikuwa la nani." Midhat, maneno kama hayo yanatoka kwa mtu aliyeishia shule ya ufundi! Nililia, naye akadhani nimeudhika, akakimbia kuninunulia mishabaki, ile halua yetu ya sukari, akarudi na kilo mbili.

Baba anapumzika zaidi siku hizi. Ni uchovu tu. Anasema usipoteze nauli kuja Idi. Anasema kaa na kazi yako, mitihani haingoji. Anasema pia Shauki atamsaidia kidogo kwenye kiti, maana si vizuri mzee kuinama mchana kutwa. Usijali hata kidogo.

Unanikumbusha mama unavyoandika. Maneno machache, na kila moja limepigwa randa.

Wako,
Ibtisam


Kairo, 20 Aprili 1987

Dada,

Salamu kwa wote. Sitakuja Idi, kama Baba alivyosema. Nakonda, lakini kwa jambo la heri.

Nina neno moja tu. Shauki ni fundi, simdharau. Nakshi zake hazina mfano. Lakini kiti hiki hakina nakshi, kina viungo. Nakuomba umkalishe Baba mkiwa wawili tu, umuulize hivi: "Bado unakumbuka alichokunong'oneza Midhat?" Ajibu ndiyo au hapana. Sitaki zaidi ya hapo. Kisha uniandikie alivyojibu.

Midhat


Dumyat, Jumanne, 2 Juni 1987

Ee Midhat, ee mbunifu wa Italia!

Idi yako iwe ya heri hata kama imeshapita. Tulichinja bata (wa Daulati, yule yule, hatimaye), tukamjaza vitunguu na zabibu kavu, na fungu lako Shauki alilila huku akisema analila kwa niaba yako.

Kwanza, jibu la swali lako. Nilimuuliza Baba tukiwa wawili. Ni ndiyo. Aliitikia kwa kichwa mara tatu, na macho yakamjaa machozi. Anakumbuka.

Na sasa habari yenyewe: KITI KIMEKWISHA! Nilitaka uwe hapa unione ninavyorukaruka. Shauki amekitengeneza mwanzo hadi mwisho kwa mbao nyekundu ya Romania, hakuna fundo hata moja. Wiki tano, Midhat! Kazi za wateja aliziweka kando, yule mteja wa Port Said aliyeagiza samani za chumba cha kulala akaja akapiga kelele, Shauki akamwambia, "Bwana, shemeji yangu anakwenda Ulaya, wewe unakwenda kulala tu. Ngoja."

Na mume wangu ana akili! Aligundua makosa mawili kwenye mchoro wako, akayarekebisha bila hata kukusema. La kwanza, kila kiungo uliandika kipimo lakini hukuandika gundi popote. Akacheka: "Hawa wasomi! Anakumbuka unene wa unywele, anasahau gundi." Akachemsha gundi bora, akapaka mara mbili, akakibana kwa vibano siku mbili. La pili, zile kabari nne ulizozichora zimechomoza nje kama meno ya sungura, alizikata zikalingana na mbao, akapiga msasa mpaka hazionekani. Sasa ukipitisha mkono ni laini kama shavu. Na juu ya kiegemeo, kwa kuwa nilimwomba mimi, ameweka ua moja dogo la waridi. Moja tu! Ili Waitalia wajue kimetoka Dumyat.

Baba alikuwepo karakanani siku ya gundi. Alifurahi kupita kiasi, akawa anagonga benchi kwa mkono, hata chai niliyompelekea ikamwagika yote. Shauki akasema, "Mzee anashangilia!" Mimi nikalia, unanijua.

Zaghlul wa lori anakileta Jumatatu alfajiri, kimefungwa mablanketi matatu. Barua hii naitia posta leo ikutangulie, usome haya yote kabla hujakifungua.

Nakuona tayari kwenye ndege.

Ibtisam wako


Kairo, 14 Juni 1987

Dada Ibtisam,

Kiti kilifika Jumatatu asubuhi. Barua yako ilifika Alhamisi. Mshukuru Shauki kwa jasho lake, kimefungwa vizuri sana, hakikupata hata mkwaruzo.

Matokeo bado hayajabandikwa. Nina kazi nyingi.

Midhat


Dumyat, 1 Julai 1987

Mdogo wangu,

Salamu. Mbona umekauka hivi? Mistari minne! Hata posta wamecheka kuibeba.

Shauki kila jioni anauliza, "Wamesemaje kuhusu kiti?" Amemwambia kinyozi, amemwambia imamu, amemwambia yule mteja wa Port Said. Ameanza kutembea kifua mbele, na mimi nikimwona anavyotembea hivyo moyo wangu unapanda juu kama mkate tanurini. Sijui wake wengine wanapendaje. Mimi naona kama nimepewa zaidi ya fungu langu, na kuna siku naogopa mwenye mali atakuja kudai.

Lakini jana Zaghlul alikuja kuchukua mzigo, akaniambia jambo akiwa amepakia. Anasema wiki iliyopita alipita chuoni kwenu kudai mablanketi yake, akakiona kiti chetu nje ya lango. Bawabu amekikalia, anamenya kitunguu. Nikamwambia, "Umekosea, viti vinafanana." Akasema, "Bibi, kuna waridi juu. Ni viti vingapi Kairo vina waridi la Shauki?"

Shauki alikuwa ndani, hakusikia. Sijamwambia. Midhat, nieleze.

Ibtisam


Kairo, 12 Julai 1987

Dada,

Nilikuwa nimeamua kutokuandika. Umeuliza, basi soma, kisha uchane.

Jambo nililomnong'oneza Baba ni hili: kiti kile hakitiwi gundi. Hakitiwi gundi kamwe, dada. Zile kabari nne zilizochomoza ndizo funguo zake. Unazigonga kwa kiganja zinatoka, na kiti kizima kinafunguka vipande sita, unavifunga kwa kamba moja na kuvibeba kwapani. Umesahau tulivyopandisha vyombo vya harusi yako kwa kamba kupitia roshani, kwa sababu ngazi haipitishi hata kiti? Hapa Kairo watu wanaishi ghorofa ya sita kwenye ngazi kama tundu la panya. Kiti kinachokwenda na mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa fikra yangu yote. Hakuna nyingine.

Lori lilifika saa mbili, jopo lilikaa saa tatu. Nilikivua mablanketi palepale ukumbini, mbele yao. Niliona waridi, nikajisemea, haidhuru, ni upendo. Profesa Iffat, ambaye ni mfupi na anaogopwa na chuo kizima, alikuwa na ripoti yangu mkononi. Akasema, "Umeandika hapa kinafunguka kwa nusu dakika bila nyundo. Haya, mwanangu, nitazame saa?"

Nikatafuta kabari. Nilipitisha vidole kwenye miguu kama kipofu. Laini kama shavu, ulivyosema. Nikavuta. Nikagonga kwa kiganja, nikagonga kwa goti. Mmoja wa jopo akasema, "Labda kinataka kusomewa dua." Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka, dada, ndilo linaloniuma zaidi, nilicheka nao. Kisha nikakigeuza miguu juu na nikaona mstari wa gundi, mwembamba, safi, kazi ya mtu anayejua gundi.

Profesa Iffat hakucheka. Alishuka, akakikalia, akakitikisa, akainuka. "Kiti hiki ni imara sana," alisema. "Tatizo ni kwamba si kiti ulichotuandikia."

Nimeanguka. Italia amekwenda mwenzangu aliyeleta meza ya kioo. Nikiweza, naruhusiwa kurudi mbele ya jopo mwakani na kiti kilekile, kikiwa sahihi.

Shauki simlaumu. Hakujua, na nilitaka asijue. Lakini Baba alijua. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba aliitikia mara tatu. Aliitikia nini? Alikaa pale akaona gundi inachemka, akaona kabari zinakatwa, akagonga benchi na kushangilia? Niliweka maisha yangu katika sikio lake. Mwambie hivyo. Mwambie sitakuja Idi kubwa, na asinitumie maneno mengine ya "kaa na kazi yako."

Midhat


Dumyat, 20 Julai 1987

Midhat,

Leo sina salamu ndefu. Nimeandika barua hii mara tano.

Baba hajakuambia kaa na kazi yako. Niliandika mimi. Hajasema usije Idi. Niliandika mimi. Tangu tarehe kumi na saba Machi Baba hajasema neno hata moja, kwako wala kwa mtu yeyote.

Harusi yangu ilikuwa mwezi wa pili. Kiharusi chake mwezi wa tatu. Alikuwa ameshika randa, akaegemea benchi kama mtu anayesikiliza kitu, akateleza. Mkono wa kulia umekufa mpaka begani. Mdomo umekwenda upande. Akitaka kusema inatoka sauti moja tu, na hiyo sauti anaionea haya, kwa hiyo mara nyingi hataki. Wale wageni walioingia na kutoka walikuwa wanakuja kumjulia hali. Daulati alikuja kumlisha.

Ningekuambia, ungepanda basi siku hiyohiyo. Ungeacha chuo ukae hapa umgeuze kitandani, ukose Italia kwa ajili ya Baba ambaye hata kukufukuza hawezi. Nikasema moyoni, nitabeba mimi mpaka Juni. Miezi mitatu ni nini? Nina mume, nina furaha, furaha inabeba vitu vizito. Ndivyo nilivyowaza. Nilijiona hodari.

Aliitikia kweli. Nilimuuliza, akaitikia mara tatu, akashika mkono wangu kwa ule wa kushoto, akanivuta, akatoa ile sauti. Nilidhani anakulilia wewe. Nikamfuta machozi nikamwambia, "Nimeelewa, Baba." Sikuwa nimeelewa kitu.

Na siku ya gundi hakuwa anashangilia. Aligonga benchi mpaka vidole vikatoka damu. Nilimpa chai akaitupa, ikamwagikia shati la Shauki. Mume wangu akambusu kichwa, akasema, "Mzee, furaha hiyo itakuua." Sisi wawili tukacheka kwa kumpenda. Midhat, tulicheka mbele yake, gundi ikiwa moto.

Barua yako nilimsomea. Sikuiruka hata sentensi moja, kwa sababu nimechoka kumsemea.

Njoo.

Ibtisam


Kairo, 30 Agosti 1987

Dada Ibtisam,

Nilifika salama. Asante kwa jibini na kwa kutonisindikiza kituoni; nisingeweza kukuaga.

Asante pia kwamba siku zote nane hukuniuliza tulikuwa tunafanya nini na Baba karakanani mlango ukiwa umefungwa, na kwamba ulimtuma Shauki Ras-el-Bar kwa mafundi wenzake. Nadhani uliona takataka za mbao, lakini nitakuambia.

Baba alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mimi nilishika patasi. Hajanifundisha useremala hata siku moja, unakumbuka, alitaka nishike kalamu tu. Sasa alikuwa ananielekeza kwa mkono wa kushoto: chini, juu, taratibu, siyo hapo. Ulimi wa kile kiungo, ile ncha inayoingia tunduni, unataka kuingia ukiwa mgumu na kutoka ukiwa laini. Haukatwi kwa mistari, unakatwa kwa kusikia. Kwenye mchoro wangu ni mstari mmoja tu, nilioupiga kwa rula kwa sekunde mbili. Nilidhani nimebuni kiti. Nilikuwa nimechora picha ya mkono wa Baba.

Tuliharibu miguu kumi na moja. Siku ya mwisho mguu wa kumi na mbili ulikaribia. Uliingia vizuri. Baba aliinuka mwenyewe, akaja akiburuta mguu, akagonga kabari kwa kiganja. Haikutoka. Akagonga tena, mbao ikapasuka. Tukatazamana. Akanivua patasi mkononi, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaifuta kwa shati lake, akairudisha sandukuni, akafunga sanduku. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Kairo nimezungukia mafundi tisa. Wote ni maneno yaleyale: "Bila gundi? Bila msumari? Kijana, kaulize makaburini." Kwa hiyo mwakani sitarudi mbele ya jopo. Nimeandika barua chuoni, nimejiondoa.

Nimepata kazi, usihofu. Ni ofisi ya ghorofa ya chini, Abbasia. Wenye karakana wanaleta makatalogi ya kigeni, sisi tunaweka karatasi ya nta juu ya picha, tunafuatisha na kuikuza mpaka kipimo kamili. Nafuatisha viti ishirini kwa siku. Bwana wangu anasema nina mkono mtulivu. Jana nilifuatisha kiti cha kiwanda kile cha Italia. Ni kiti cha kawaida.

Shauki asijue. Sikumwambia nilipokuwa huko, na haikuwa rahisi, alivyonishika bega kila asubuhi kabla ya kuondoka akiniuliza wamesemaje kuhusu kiti. Alitoa wiki tano za maisha yake. Usimpe kitu cha kubeba.

Midhat


Dumyat, 18 Septemba 1987

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu kutoka kwa sisi sote, na za Daulati, aliyerudi kwake kununua vifaranga wapya. Baba anakula vizuri zaidi. Anashuka karakanani kila asubuhi na kukaa dirishani, lakini amegeuza kiti chake. Sasa anatazama barabara.

Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni, nikaichoma jikoni.

Shauki aliniuliza tena, Ijumaa, tukiwa tunakula. "Sasa Midhat anaondoka lini? Miezi mitatu yote, Waitalia wanafua nguo za kusafiria?" Nilikuwa nimeshika sahani. Nikasema, "Kiwanda kimesimamisha kuchukua watu mwaka huu. Lakini kiti kilipata sifa zote. Profesa mkubwa mwenyewe alishuka akakikalia, akasema ni imara sana." Nilitumia maneno ya kweli, Midhat, ndiyo maana yalitoka kwa urahisi. Shauki akaweka mkate chini. "Alisema imara?" "Imara sana." Akanitazama kama nimemwekea mwezi mezani. "Unaona?" akasema. "Ni ile gundi."

Tangu niolewe nilikuwa namwambia kila kitu: nimeota nini, jirani kasema nini, nimeweka chumvi kiasi gani. Nilidhani ndiyo ndoa. Bado nampenda, sijui kama unanielewa, nampenda hata zaidi, lakini sasa nampenda kama mtu anayevuka barabara na sinia la glasi kichwani. Akiimba nami naimba, ila macho yangu hayatoki kwenye sinia.

Tajiri mmoja wa Mansura alikipenda kiti kwa maelezo ya Shauki tu, maana anakieleza kila aingiapo mtu, na ameagiza sita. Vyenye waridi. Leo asubuhi Shauki alitandika mchoro wako juu ya benchi, akawasha jiko la gundi, akaniita nishuke nishuhudie. Nilishuka. Nilisimama karibu na Baba. Harufu ilipoanza kupanda, Shauki akanigeukia na kunikonyeza, mzuri vile, na vumbi la mbao kwenye kope zake. Baba hakugonga chochote. Aliendelea kutazama barabara.

Humu ndani tuko wawili tunaojua. Mmoja hawezi kusema, na mwingine hataki.

Dada yako,
Ibtisam